Godoro Alilolalia Mama

Jumamosi, 11 Oktoba 1997

Godoro limeingia nyumbani leo na tayari tumekosana.

Daftari hili nililinunua la kuandikia vipimo vya suruali za wateja. Lakini kuna mambo ambayo nikiyasema kwa sauti hapa Shauri Moyo yatafika sokoni Gikomba kabla yangu, basi nitayaandika huku nyuma ya vipimo. Akiliokota mtu, ajue ni langu: Kavinya, mke wa Patrobas dereva wa lori, mama yake Nasimiyu, fundi wa cherehani anayepunguza na kuongeza mitumba. Nina miaka thelathini na miwili, ila mgongo wangu kwa sababu ya kuinamia cherehani umeshafika sitini.

Zamu yangu ya kupokea pesa za chama ilipofika, wenzangu walitarajia ninunue vyombo. Nilinunua godoro. Lile la zamani lilikuwa na shimo katikati na kunguni kila pembe, na Patrobas alilichoma uwanjani Jumatano huku watoto wa ploti nzima wakishangilia. Muuzaji aliniambia, "Mama, hii ni haidensiti, povu nzito. Wewe utazeeka, yenyewe itabaki." Nililibonyeza kwa kiganja nikaona sawa. Kiganja si mgongo. Nimejilaza baada ya chai na nimegundua kwamba nimenunua sakafu iliyovishwa kitambaa cha maua.

Sitamwambia mtu.

Jumapili, 12 Oktoba

Patrobas amesema kabla hata ya kuamka vizuri: "Mama Nasi, hii kitu uliuziwa kwa duka ya magodoro ama ya simiti?"

Nimemwambia mimi nimelala vizuri sana. Nimekwenda kanisani nikiwa nimepinda upande.

Jumatatu, 13 Oktoba

Gumu.

Jumanne, 14 Oktoba

Gumu. Nimekaa kwenye cherehani leo nikijisikia kama niliyepigwa, na mteja ameniuliza kama nyumbani kuna amani.

Alhamisi, 16 Oktoba

Siri haikukaa. Patrobas alicheka na watu bombani, na jirani yangu Benta amekuja na ushauri. Benta ni mkubwa wa mwili na wa moyo, anauza samaki, na hakuna jambo duniani ambalo dada yake wa Kisumu hajawahi kulipitia.

"Dada yangu alinunua kama hii," amesema. "Hizi huwa zinakuja zimelala. Lazima uiamshe. Ipigwe na jua, halafu ikanyagwe. Kwa magoti, polepole, kutoka kichwa mpaka miguu. Ngoja nikuonyeshe."

Amepanda, amepiga magoti, ametembea godoro zima akihema na kumtaja Yesu. Godoro halikujali. Amekaa ukingoni akanitazama kwa huruma. "Hii rudisha."

"Sirudishi."

"Basi uza, nunua ya kawaida."

"Benta, nimelinunua mimi. Nitalilalia mimi. Kati yangu na hili godoro, mmoja atalegea, na si mimi."

Amecheka mpaka akalazimika kushika ukuta. Lakini mimi sikuwa nikitania. Maisha yangu yote nimelalia vitu vilivyochaguliwa na wengine: ngozi ya mbuzi kwa bibi, kitanda cha chuma cha bweni, kisha lile shimo la Patrobas alilokuja nalo kutoka siku zake za ukapera. Hili nimelichagua mimi, na kama nimekosea, basi ni kosa langu mwenyewe na nitalitandika shuka.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimemwita binamu yangu Musyoka, seremala wa Gikomba, ndiye aliyetutengenezea kitanda. Amelala juu ya godoro na viatu vyake nikamtukana.

"Niaje Kavi, hii godoro ni ngumu kushinda mbao zangu, si uongo." Kisha ameacha mzaha akainua godoro, akaniambia jambo la maana: mbao za kitanda zimebanana mno. Ametoa mbili, akazipanga zilizobaki ziachane kwa upana wa viganja viwili, godoro lipate pa kubonyea. Amesema pia povu huwa gumu zaidi wakati wa baridi, na kwamba nilipatie godoro mwezi mzima kabla ya kulihukumu.

Limepungua kidogo. Nimeshona pia tandiko la juu kwa sweta za mtumba zisizouzika, safu tatu. Patrobas amesema sasa tunalala kwenye sakafu yenye vifungo, maana nilisahau kukata vifungo vya sweta moja.

Jumatano, 22 Oktoba

Mvua.

Ijumaa, 24 Oktoba

Mvua. Redioni wanasema hii siyo mvua ya vuli ya kawaida, inaitwa Elnino. Hapa ploti kila kitu sasa ni Elnino. Maziwa yakimwagika, Elnino. Mtoto akikojoa, Elnino.

Jumatatu, 27 Oktoba

Patrobas ameondoka na lori kwenda Mombasa. Siku nne, amesema.

Jumatatu, 3 Novemba

Siku nane. Barabara ya Mombasa imekatika, malori yamepangana njiani hayaendi mbele wala nyuma. Amepiga simu kwenye duka la jirani: yuko salama, analala kwenye kiti cha lori. "Hata hiyo simiti yako nimeikumbuka," amesema. Nimejisikia vizuri kwa kutwa nzima.

Jumapili, 9 Novemba

Mama ameanguka. Mwaitu, mama yangu mzazi, aliteleza kwenye matope nyumbani Kitui akiwa na mtungi, akaangukia nyonga. Wamemleta kwa basi la mwisho kabla ya daraja kufunikwa na maji. Leo tumempeleka hospitali. Mfupa haukuvunjika ila umepata ufa. Daktari amesema mambo matatu: asibebe kitu, asilale chini, na asilale kwenye kitanda kinachobonyea. "Awe mahali pagumu palipo sawa," amesema.

Nimecheka mbele ya daktari. Amenitazama vibaya.

Lakini mama hakuja kwangu. Amekwenda kwa Musyoka, kule karibu na mto. Niandike sababu, maana ndipo ugumu wenyewe ulipo.

Patrobas ni Mbukusu. Kwao, mama mkwe na mume wa bintiye hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Na mama mkwe halali nyumbani kwa bintiye. Kitanda ndio kabisa, hata kukikaribia ni laana. Na sisi Wakamba tusijifanye tumeendelea, tuna nthoni yetu, ile ile aibu ya ukwe. Tangu niolewe miaka saba iliyopita, mama amewahi kuja hapa mara mbili tu, akakaa kwenye kiti karibu na mlango, akanywa chai na mguu mmoja ukiwa nje.

Kwa Musyoka kuna kitanda cha kamba. Kinabonyea kama neti ya samaki. Lakini ndicho kilichopo.

Jumatano, 12 Novemba

Mama halali. Analia kwa sauti ndogo ya kujificha. Nimemkanda kwa maji moto.

Jumamosi, 15 Novemba

Mto umeingia kwa Musyoka.

Jumapili, 16 Novemba

Jana asubuhi Musyoka alikuja amembeba mama mgongoni, maji yakimfika magotini mpaka alipopanda barabara. Nyumba yake ina maji ya kimo cha meza. Vifaa vyake vya useremala ameviweka juu ya paa, na yeye mwenyewe amejihifadhi kwenye kibanda chake cha kazi na mafundi wengine wanane.

Mama alikataa kupita mlango wangu. Alisimama nje kwenye mvua, ameshikilia ukuta, mwanamke wa miaka sitini na tano mwenye ufa kwenye nyonga.

"Nipeleke kanisani," alisema. "Watanipa benchi."

"Mwaitu, kanisani wamelala watu mia."

"Basi nikae jikoni kwa jirani."

"Kwa Benta wako saba na maji yameingia. Daktari alisema usilale chini."

"Kavinya, hii ni nyumba ya mkwe wangu."

"Mkwe wako yuko njiani Mombasa. Nyumba hii nalipa mimi naye, na godoro ni langu peke yangu."

"Na nthoni?"

Nilimwambia nthoni haijawahi kuunga mfupa. Kisha nikafanya jambo ambalo sijawahi kufanya tangu nizaliwe: nilimshika mama yangu kwa nguvu, nikampitisha pazia la chumba cha kulala, nikamketisha kwenye kitanda. Aliweka kitako ukingoni kabisa, nusu tu. Nikamwinua miguu, nikamlaza. Alifunika uso kwa leso.

Nilingoja radi itupige sote wawili. Haikutupiga.

Baada ya muda alisema chini ya leso, "Ni gumu."

"Najua, Mwaitu. Nivumilie."

"Sikusema ni baya," akasema, na hapo hapo akalala usingizi wa kwanza tangu aanguke.

Nimetoa lile tandiko la sweta ili apate ugumu wote. Mimi na Nasimiyu tunalala kwenye makochi tuliyoyaunganisha.

Jumanne, 18 Novemba

Mama amelala kutwa na kucha. Anakula.

Ijumaa, 21 Novemba

Amegeuka peke yake. Bado kila asubuhi anauliza kama barabara imefunguka. Ya Kitui au ya Mombasa, hasemi.

Jumapili, 23 Novemba

Amesimama na kutembea mpaka dirishani. Benta amemletea mchuzi wa kichwa cha samaki. Ameona mahali mama analala, akaweka bakuli, akatoka. Mlangoni ameniambia, "Mimi sijaona kitu. Lakini hawa watu wa bwana yako wataona."

"Waone."

Jumatano, 26 Novemba

Mvua. Mama amekunja nguo zote za nyumba hii akiwa amelala.

Jumamosi, 29 Novemba

Nimefunga mlango, sasa nitaandika.

Patrobas amerudi leo mchana bila kupiga simu. Barabara ilifunguliwa upande mmoja, akaendesha bila kupumzika. Nilikuwa bombani. Nasimiyu alikuwa anacheza kwa Benta. Yeye amefungua mlango, amevua viatu vya matope, ameita jina langu, amevuta pazia.

Mama yangu alikuwa amelala kifudifudi, gauni limepandishwa, kitambaa cha maji moto kiko juu ya nyonga. Nilikuwa nimemwacha hivyo dakika tano tu.

Nikiwa bombani nilisikia mlio kutoka nyumbani, na siwezi kusema ni wa nani kati yao. Nilipofika, Patrobas alikuwa ametoka kinyumenyume mpaka uani, miguu mitupu kwenye maji, amejifunika macho kwa viganja viwili.

"Umefanya nini?" alisema bila kufungua macho. "Kavinya, umefanya nini na kitanda changu?"

"Nimemlaza mgonjwa."

"Ni mama yako!"

"Ndiyo maana nimemlaza."

Majirani walikuwa wametoka wote, mvua au si mvua. Benta aliingia akamtolea viatu vyake kwa kuwa yeye hakuweza kuingia tena, na Patrobas akaondoka kwenda kwa kaka yake Buruburu.

Ndani, mama alikuwa amekaa sakafuni. Alikuwa amejishusha mwenyewe kutoka kitandani na nyonga ile. Alikuwa analia na kusema kwa Kikamba kwamba amenivunjia nyumba. Sijawahi kukasirika hivi. Sijui ni nani niliyemkasirikia, labda wote, labda hata waliokufa zamani walioweka sheria hizi wakiwa na nyumba kumi kila mmoja na hawajui chumba kimoja cha halmashauri ni nini.

Nimemhamishia mama kwa Benta, ambako maji yalishapungua. Amekataa katakata kurudi kwenye godoro. Analala juu ya meza ya samaki, tumeitandika magunia.

Jumapili, 30 Novemba

Shemeji Wasike, huyo kaka yake Patrobas, amekuja baada ya ibada na Biblia yake kwapani. Ni karani, mwenye sauti ya karani. Hakukaa. Amesema: godoro litolewe, lichomwe, majivu yatupwe mtoni. Mpaka hapo ndugu yake hatalala nyumba hii. Na mimi niombe msamaha mbele ya ukoo.

"Shemeji," nimemwambia, "mto umejaa. Utarudisha majivu kwako."

Ameondoka bila kuaga.

Jumatatu, 1 Desemba

Nimelala peke yangu kitandani. Sasa godoro halinisumbui hata kidogo, na hilo limeniuma zaidi.

Jumatano, 3 Desemba

Patrobas amekuja kwenye cherehani yangu Gikomba. Amekonda. Amekaa kwenye robota la mtumba, mikono katikati ya magoti, akaangalia mguu wangu ukikanyaga.

"Senge amekubali kutuketisha Jumamosi," amesema. Senge ni shangazi yao Nabalayo, dada ya marehemu baba yao, anaishi kwa Wasike. Neno lake ndilo la mwisho. "Kuna njia, Kavi. Nimeongea na Wasike. Kama alikaa tu, hiyo ni kitu ndogo. Ni kuku na maneno mawili. Sema alikuja kukusalimia, akahisi kizunguzungu, akakaa ukingoni. Mimi nitasema sikuona vizuri. Tumalize."

"Uliona vizuri."

"Kavi, tafadhali."

"Na mama atasema nini?"

"Mama amekubali. Benta alimuuliza kwa niaba yangu."

Niliacha kushona. Wote walikuwa wameshapanga: mume wangu, mama yangu, jirani yangu. Uongo ulikuwa umeshapigwa pasi, unangoja mimi niuvae.

"Alilala," nimemwambia. "Siku kumi na nne. Aliingia amebebwa, na siku uliyomkuta alikuwa ameanza kutembea. Nikisema alikaa tu, basi nimesema kwamba nilichofanya ni uchafu wa kufichwa. Sitasema."

Amesimama. "Utanipoteza kwa sababu ya godoro?"

"Wewe ndiye unayeondoka kwa sababu ya godoro. Mimi niko hapa."

Ameenda. Nimeshona zipu ya mteja upande usio wake.

Alhamisi, 4 Desemba

Jambo ambalo sikulijua. Benta amenieleza leo: tangu Jumatatu, kila asubuhi anakuta pakiti mbili za maziwa na mkate mlangoni kwake. Jana aliamka mapema akachungulia. Ni Patrobas. Anatembea kutoka Buruburu, anaweka, anageuza uso, anaondoka mbio kabla mama hajatoka.

Nilikuwa nimemwita mwoga kwenye ukurasa mwingine, nikaufuta. Ni mwoga kweli. Lakini si mwoga wa mama yangu. Anaogopa kumkosea.

Jumamosi, 6 Desemba

Buruburu. Sebule ya Wasike ina vitambaa vya kufuma juu ya kila kitu, hata juu ya redio. Senge Nabalayo alikuwa kwenye kiti cha pembeni, mdogo, macho makali, fimbo magotini. Wasike alisimama. Patrobas alikaa akitazama zulia.

"Mke wetu," Senge alianza, "nimeambiwa maneno mengi. Nataka yako. Mama yako alikaa au alilala?"

Wasike alinitazama. Patrobas hakuinua kichwa.

"Alilala, Senge."

Patrobas alifunga macho.

"Siku ngapi?"

"Kumi na nne."

"Kwa nini?"

Nikamweleza. Mto, nyonga, daktari, kitanda cha kamba. Sikulia, na sikupiga magoti. Nilimwambia, "Mama alikataa. Nilimlaza kwa nguvu. Kama kuna kosa ni langu, na kesho akiletwa hivyo hivyo nitamlaza tena."

"Unasikia, Senge?" Wasike akaruka. "Hana hata majuto! Godoro lichomwe leo."

Hapo ndipo niliposimama. Nilikuwa nimekaa na neno hili tangu Alhamisi bila kujua kwamba ninalo.

"Halichomwi. Tulichoma lile la kunguni. Mama yangu si kunguni." Sauti yangu ilipanda, nikaiacha ipande. "Mnasema mkwe hawezi kulala alipolala mama mkwe wake. Sawa. Nimeolewa kwenu, naheshimu. Asilale. Lakini godoro likimkataa Patrobas, halimkatai mama. Godoro ni la mama kuanzia leo. Naliondoa nyumbani kwangu kama mlivyotaka, na linakwenda Kitui, na mama atalilalia mpaka siku atakayokufa. Na halitabebwa na mkokoteni wa kukodi. Mkwe wake ndiye atakayelibeba."

"Mkwe abebe kitanda cha mama mkwe!" Wasike aligeukia kiti cha pembeni. "Senge, hii ni aibu juu ya aibu."

Senge alinikazia macho. "Na wewe utalalia nini?"

"Mbao za Musyoka. Na nikipata pesa nitanunua lingine, na litakuwa gumu vilevile."

Kikongwe yule alicheka, kicheko kifupi cha pua. Akageukia Wasike. "Wewe ulitaka godoro litoke. Linatoka. Ulitaka nini tena, moshi?" Kisha akagonga fimbo mbele ya mpwa wake mdogo. "Patrobas. Aibu ya ukwe haiondolewi kwa kukimbia Buruburu. Huondolewa kwa zawadi, mkwe ampe mama mkwe kitu cha kujifunika au cha kujilaza. Ulipaswa kutoa tangu mlipooana. Ulitoa?"

"Hapana, Senge."

"Basi mke wako amekutolea. Utabeba?"

Saa ya ukutani ya Wasike ilikuwa inapiga kelele isiyo na adabu.

"Nitabeba," Patrobas alisema.

Jumapili, 7 Desemba

Hatujasemezana sana, lakini amelala nyumbani, kwenye makochi.

Jumanne, 9 Desemba

Daraja la Kitui limefunguliwa. Daktari ameruhusu. Mama anatembea na fimbo.

Alhamisi, 11 Desemba

Mama ameondoka leo.

Patrobas aliingia chumbani asubuhi, mama akiwa bado kwa Benta, akalizungushia godoro nailoni, akalifunga kamba pande nne, akalipandisha kichwani. Alitembea nalo kutoka Shauri Moyo mpaka steji ya mabasi, kwenye manyunyu. Sisi tulikuwa nyuma hatua hamsini, mama na fimbo yake, mimi na kikapu. Watu walimwita, "Buda, umefukuzwa?" Yeye alikuwa anaruka madimbwi kwa uangalifu ili nailoni isichafuke.

Kwenye steji makanga alitaka kulirusha juu ya basi. Patrobas alimsukuma kando, akapanda ngazi mwenyewe, akalilaza gorofa, akalifunga mara tatu, akavua koti lake la mvua akaliweka juu ya pembe iliyopasuka nailoni. Alishuka amelowa. Akasimama karibu na gurudumu la nyuma, ametupa mgongo. Mama alisimama karibu na mlango, leso imefunika kichwa na nusu ya uso, naye ametupa mgongo. Kati yao palikuwa na hatua tatu, na mimi.

"Mwambie mume wako," mama alisema akitazama upande wa pili wa barabara, "nimepokea."

"Amepokea," nilisema.

"Mwambie mama yako," Patrobas aliliambia gurudumu, "barabara ni mbaya, asikae nyuma."

"Mwaitu, usikae nyuma."

"Mwambie nimesikia. Mwambie maziwa yalikuwa mazuri."

Niliona mabega ya Patrobas yakishuka. Sikurudia maneno hayo, hayakuhitaji kurudiwa. Makanga alikuwa anapiga ubavu wa basi. Nilimpandisha mama, nikamweka nyuma ya dereva, nikashuka. Alifungua dirisha. Alikuwa bado ametazama mbele.

"Kavinya."

"Ee, Mwaitu."

"Mwambie nikiugua tena nitakuja. Na godoro nitakuja nalo."

Basi lilikuwa limeanza kutembea. Patrobas alipiga hatua mbili ubavuni mwake, bado amegeuza uso, na safari hii hakungoja nimfikishie.

"Aje!" alipaza sauti mvuani. "Mwambie aje, nitalishusha mimi!"